Uzoefu wangu na fstests: majaribio ya mifumo ya faili kwenye Linux

Kazi yangu ni kutunza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kwenye seva za kuhifadhi data. Kiraka chochote (badiliko la msimbo) kinachogusa mfumo wa faili nakipitisha kwanza kwenye fstests, mkusanyiko wa majaribio ambao wengi bado wanauita xfstests. Ilianzia SGI, kampuni iliyotengeneza mfumo wa faili wa XFS kwa ajili ya IRIX, mfumo wake wa uendeshaji, lakini leo hata mifumo mingine ya faili kama ext4 na Btrfs inapimwa nayo. Hakuna kifaa ninachokiamini zaidi ya hiki katika kulinda data za watu.

Kuiandaa kunataka utulivu. Unatenga diski mbili, unaziandika kwenye faili ya mipangilio ya local.config kama TEST_DEV na SCRATCH_DEV, unaongeza mtumiaji anayeitwa fsgqa, kisha unaendesha ./check ukiwa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote). Hiyo ya SCRATCH hufomatiwa upya mara kwa mara, kwa hiyo usijaribu kwenye mashine yenye data ya mtu. Mimi naendeshea ndani ya mashine pepe ya QEMU, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya laptopu yangu. Kerneli ikianguka humo, laptopu yangu inaendelea na shughuli zake.

Ninachoipendea ni kwamba haifichi kitu. Kila jaribio ni skripti unayoweza kuisoma, na pembeni yake kuna faili ya .out yenye majibu yanayotarajiwa. Majibu yakipishana, unaachiwa faili ya .out.bad ulinganishe mwenyewe. Hata yakilingana, kazi haijaisha: mfumo wa faili unakaguliwa upya, na ujumbe wa kerneli unapekuliwa kuona kama kuna malalamiko.

Jaribio lililonifanya niiheshimu kabisa ni generic/475. Linaanzisha fsstress, programu inayotengeneza, kufuta na kubadilisha faili kwa fujo, halafu ghafla linaifanya diski irudishe makosa kwa kila ombi. Baada ya hapo mfumo wa faili unawashwa tena, unajirekebisha kutoka kwenye jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko yaliyokuwa yakifanyika), na mzunguko unaanza upya. Anayeishi na umeme wa kukatikakatika anaelewa thamani yake bila kuelezwa.

Kwenye tawi letu la kerneli, jaribio hilo lilikuwa likipita, kisha siku nyingine linaganda tu. Niliandika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger, na kerneli ikanionyesha kazi zote zilizokwama: zilikuwa zimejipanga zikisubiri kufuli moja, kinga inayozuia kazi mbili kugusa kitu kimoja kwa pamoja. Kazi iliyolishika ilikuwa imeshaondoka. Kiraka kimoja kilichohamishwa kutoka kerneli mpya kilikuwa kinarudi mapema pale diski inapotoa kosa, bila kuachia kufuli. Katika matumizi ya kawaida njia hiyo haipitiwi, ndiyo maana hakuna aliyeiona.

Kukitafuta kiraka hicho kwa git bisect, amri inayogawa historia ya viraka nusu kwa nusu huku ukiiambia kila hatua kama ni "good" au "bad", ndiko kulikokuwa na mtego. Hitilafu inayojitokeza mara moja katika kila mara kumi, ukiendesha jaribio mara kumi, bado kuna takriban asilimia 35 ya kutoiona kabisa. Ukitaka uwezekano huo ushuke chini ya asilimia 5, endesha mara 29. Hapo chaguo la -I linasaidia sana: unaliambia idadi ya mizunguko, nalo linasimama jaribio linapofeli. Ukiharakisha kuandika "good", bisect itakupeleka kwenye kiraka kisicho na kosa lolote, na mwenzako atalaumiwa bure.

Angalia pia faili za .notrun. Kifurushi kikikosekana au kerneli ikikosa kipengele fulani, jaribio linarukwa bila kuhesabiwa kuwa limefeli, na mwisho unaambiwa yote yamepita. Nimeona ripoti safi ambayo majaribio muhimu hayakuguswa kabisa. Binafsi nahifadhi orodha ya yaliyorukwa na kuilinganisha na ya awali kabla ya kuidhinisha chochote.

Maelezo ya fstests kwa mgeni ni machache, na mengi utayapata kwa kusoma skripti zenyewe. Anza na ./check -g quick, laptopu ya kawaida inaimudu. Kundi la auto linachukua saa nyingi, hivyo litafutie mashine yake. Na usifute saraka ya results baada ya kila mzunguko: check huonyesha muda wa awali kando ya muda wa sasa, na mara nyingi jaribio linaanza kuchelewa kabla halijaanza kufeli.