Inhela ya bluu na ya kahawia: zote za pumu ila mlango sio mmoja

Wenye pumu wengi tuna inhela mbili halafu ile ya kahawia tunaiona geresha, mi yangu ilikaa droo miezi kadhaa eti "haifanyi kitu". Kumbe ishu ni risepta, yaani protini za seli ambazo dawa inazishika ili ifanye kazi.

Ya bluu, salbutamol, inaigiza adrenalini, homoni ya mshtuko. Haihitaji kuingia ndani ya seli, inashika risepta za beta-2 zilizoko juu ya misuli ya njia za hewa, risepta inaamsha protini za upande wa ndani, zinaambizana mpaka misuli inalegea, na ndani ya dakika 5 hivi kifua kinafunguka. Mikono inatetemeka kidogo na moyo unakimbia, hali ileile ya kukoswakoswa na bodaboda. Masaa 4 mpaka 6 imeisha.

Ya kahawia, beclometasone (rangi zinategemea kampuni, soma jina), ni ndugu wa kotiso (cortisol), homoni ya mwili wenyewe. Hii inayeyuka kwenye mafuta so inapenya utando wa seli bila hata hodi, risepta yake inaisubiri ndani, wanaongozana mpaka kwenye kiini cha seli na kunyamazisha jeni zinazoleta uvimbe kwenye njia za hewa. Sasa jeni hazituliziki kwa dakika 5 bana, ni siku mpaka wiki, na unapiga kila siku hata ukijiona mzima. Ukimaliza sukutua, la sivyo fangasi mdomoni.

Ukibanwa ghafla ni bluu, hapo sibishi. Ila bluu peke yake kila siku mi siiamini tena, misuli inalegea huku uvimbe uko palepale.