Debian 12 kwenye laptopu ya mtumba: sauti imerudi bila kubadili spika

Naitumia Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kuhariri rekodi za kwaya yetu hapa Moshi, kwenye laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 10. Naipenda sana. Ni nyepesi, na haijawahi kuniganda katikati ya kazi. Ila ilinifikia ikiwa bubu, na fundi mmoja wa mjini akashikilia kwamba spika zimeungua. Spika zilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni vifurushi vya programu.

Faili la /var/log/apt/history.log, linaloweka kumbukumbu ya programu zilizosimikwa, lilinionyesha chanzo. Aliyeiandaa laptopu kabla ya kuiuza alisimika Xfce, mazingira mepesi ya eneo-kazi, kwa chaguo la --no-install-recommends, nadhani ili kuokoa diski. Chaguo hilo huacha nje vifurushi vinavyopendekezwa bila kulazimishwa, na sauti ya Linux inavitegemea mno.

Kerneli, yaani kiini cha Linux, huiendesha kadi ya sauti kupitia ALSA, sehemu yake ya viendeshi vya sauti. Juu yake inakaa seva ya sauti, siku hizi PipeWire, inayopokea sauti ya kila programu na kuifikisha kwenye kadi. Kwangu seva haikuwepo. Nikaandika:

sudo apt install pipewire-audio pavucontrol alsa-utils

Nikatoka kwenye akaunti yangu na kuingia upya. Pavucontrol, dirisha la kurekebisha sauti, ikafunguka, lakini kifaa pekee kilichoonekana ni Dummy Output, yaani kifaa bandia kisichotoa sauti. Wengi hukwama hapa, wanaongeza sauti mpaka mwisho na kusimika seva upya mara kwa mara. Ukiona hivyo, seva inafanya kazi. Kadi ndiyo haijaonekana. Iache seva, shuka kwenye kerneli.

Amri ya aplay -l, inayoorodhesha kadi za sauti, ilijibu kwamba hakuna kadi. Nikaendelea na sudo dmesg | grep -i sof, inayosoma ujumbe wa kerneli, na jibu likawa wazi: kerneli imetafuta faili la intel/sof/sof-cml.ri, imelikosa. Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni, hasa zenye maikrofoni za dijitali, zinahitaji Sound Open Firmware, firmwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) ya sauti, ambayo kwenye Debian imo ndani ya kifurushi cha firmware-sof-signed. Tangu toleo la 12, lililotoka Juni 2023, firmwea za namna hii ziko kwenye sehemu mpya ya hazina, non-free-firmware. Mashine yangu ilipandishwa kutoka toleo la 11, na /etc/apt/sources.list ilitaja main peke yake. Niliongeza non-free-firmware, nikafanya apt update, nikasimika kifurushi, nikaizima laptopu na kuiwasha. Nilipoendesha speaker-test -c 2, amri ya kujaribu spika, sauti ikatoka kushoto na kulia, safi.

Maikrofoni ya ndani iliendelea kuwa kimya hadi nilipoweka alsa-ucm-conf, yenye maelezo ya jinsi kadi za aina hii zinavyopangwa. Nacho ni kifurushi cha kupendekezwa tu!

Kwa kazi ya sauti naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja naizuia kwa sababu kerneli inajua kabisa firmwea gani imekosekana, lakini ujumbe huo haufiki kwenye skrini ya mtumiaji wa kawaida.

Ukinunua mtumba wenye Linux hapa Moshi au Arusha, endesha aplay -l ukiwa bado dukani. Kadi isipoonekana, soma dmesg kwanza kabla hujamlipa mtu abadilishe spika.