Lee-Enfield ya 1943: rangi au mafuta ya linsidi? Uzoefu wangu

Naandika hii kwa yeyote aliyenunua bunduki ya zamani ya mbao, akaikuta nyeusinyeusi imechoka, na wazo la kwanza likawa kopo la rangi ya kupuliza. Subiri kwanza. Mi nimetumia mafuta ya linsidi mabichi, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu za kitani, na rangi nayo nimeijaribu pembeni ili nisiongee kwa kusikia, na kwa mbao ya zamani mafuta nayapa tano kwa tano. Rangi ina mahali pake ila sio hapa.

Niko Kanada, Ontario, leseni ya silaha ninayo, na bunduki yenyewe ni Lee-Enfield No.4 Mk I* ya risasi za .303, imetoka kiwanda cha Long Branch hukuhuku Ontario na ubavuni imechapwa LONG BRANCH 1943. Kwa asiyeijua, hizi ndo walibeba wanajeshi wa Kanada vita kuu ya pili, na Canadian Rangers, wale askari wa akiba wa kule kaskazini kwenye barafu, walipewa No.4 tangu 1947 wakakaa nazo hadi 2018 ndo wakaanza kupata mpya. Na ni ukoo huohuo wa Lee-Enfield walioshika askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), babu zetu waliopelekwa hadi Burma. Sasa mbao iliyopita huko kote uifunike na rangi nyeusi ifanane na plastiki? Moyo uligoma kabisa.

Shemeji yangu anawinda kila msimu na yeye aliniambia, "Shemeji, piga nyeusi hiyo yaishe, mvua ikinyesha hujali." Na sio kwamba anaongea ovyo, ya kwake ni bunduki ya kisasa ya kiwandani, mbao ya kawaida tu isiyo na historia, alitoa vanishi, akapiga msasa, akapiga praima (ile rangi ya chini ya kushikisha), ndo akapuliza rangi, na imeshika vizuri mpaka leo. Tatizo ni kwamba mbao ya jeshi haikuwahi kuwa na vanishi, ilishibishwa mafuta ya linsidi tangu kiwandani na askari wakaendelea kuipaka miaka yote, kwa hiyo mafuta yako ndani ya mbao, sio juu. Nikatafuta kipande chakavu cha mbao ya juu ya mtutu, kilichopasuka ambacho hakina kazi tena, nikakisafisha, nikapiga praima na rangi vizuri kama kopo linavyoelekeza. Siku ya kwanza kinapendeza. Baadaye ukikwaruza na ukucha inabanduka ganda zima, na chini yake mbao inang'aa mafuta. Na ile iliyoingia kwenye vinyweleo vya mbao haitoki, labda uipige msasa mpaka uishushe mbao.

Na msasa ndo adui mkubwa wa hizi bunduki. Nilipoanza kusafisha na kitambaa chenye tapentaini kidogo na stilwaya (nyuzi za chuma za kusugulia) laini kabisa ya 0000, uchafu ulitoka mweusi na mzito, jasho na grisi ya kuhifadhia ya miaka mingapi sijui, na chini pale kwenye kitako ikaanza kutokea alama, herufi C yenye mshale ndani yake, ile ya mali ya jeshi la Kanada. Imeingia kwenye mbao kidogo sana, ukipitisha kidole unaihisi kwa mbali. Msasa ungeifuta muda uleule, na wakusanyaji wakikuta mbao imepigwa msasa bei inashuka hapohapo, na haki yao. Halafu kuna suala la vipimo, mbao na chuma vilikaa sawa kiwandani, ukiishusha mbao chuma kinabaki kimejitokeza na hakuna cha kurudisha.

Vibonyeo sikuvikwangua, unaweka kitambaa kibichi juu unapitisha pasi ya moto, mvuke unaingia, nyuzi za mbao zilizobanwa zinavimba zinarudi juu. Vile vilivyokatika kabisa haviinuki, acha. Na usipitishe pasi juu ya alama maana zenyewe ni kibonyeo pia, zitainuka zipotee.

Kupaka sasa. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, haina risasi, toa bolti (kile chuma cha kufungia chemba) na magazini (kisanduku cha risasi), fungua mbao. Koti la kwanza, yaani mpako wa kwanza, nilichanganya na tapentaini kidogo ili linywewe ndani, yanayofuata mafuta matupu, kidogo sana, unasugua na kiganja mpaka joto lenyewe likolee, unaacha, unafuta yote yaliyobaki juu. Pale mwisho wa kitako ambapo mbao imekatwa ilikuwa inakunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Ndani ya mbao ya mbele, chini ya mtutu, napo paka usiruke, hapo hapaonekani ila ndo pakikauka mbao inasinyaa, bunduki inapoteza shabaha, halafu nyufa zinaanza.

Ubaya wake upo. Mabichi yanakauka taratibu mno, siku nyingi kwa kila koti, ukipaka mengi yananata yanashika vumbi. Hayazuii maji kama rangi, unatakiwa kurudia mara mojamoja. Ukitaka haraka kuna yale yanayoitwa ya kuchemshwa, yamewekewa chumvi za madini za kukausha na siku moja tu yameshika, ila vaa glavu.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: VITAMBAA VYENYE LINSIDI VINAWAKA VYENYEWE. Mafuta haya yanakauka kwa kushika oksijeni na yanatoa joto, ukikunja kitambaa ukatupa kwenye kapu joto linakosa pa kutokea na moto unaanza bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke au loweka kwenye kopo la bati lenye maji ufunike.

Matokeo nimeridhika sana. Rangi ya mbao ya wolnati imerudi, kahawia iliyoiva yenye wekundu kwa mbali, mistari inaonekana, mikwaruzo ya zamani ipo palepale na ndivyo nilivyotaka. Kama yako ilishakatwa na kuchezewa na mtu kabla, au kitako sio chake cha asili, paka unachotaka hakuna kinachopotea. Kama alama bado zipo nunua linsidi, na chukua kopo dogo tu, mi nilichukua la lita na limebaki karibu lote.