Sensa za Nyumbani Zisizotegemea Intaneti: Ipi Inunuliwe Uganda

Anayetaka kununua sensa ya mlango, ya joto au ya maji kwa nyumba iliyoko Kampala au Jinja ajiulize kwanza, kabla ya kutazama bei, kama sensa hiyo itaendelea kufanya kazi siku ambayo intaneti na umeme vitakatika kwa pamoja. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, kifaa chochote kilichotegemea seva za ng'ambo kilibaki bila mawasiliano. Ndiyo maana nazipanga sensa hizi kwa uwezo wake wa kuendeshwa ndani ya nyumba yenyewe.

Nafasi ya kwanza naipa Zigbee, njia ya mawasiliano ya redio inayotumia umeme kidogo, ikisimamiwa na Home Assistant, programu huria isiyolipiwa ambayo hukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Kipokezi kimoja cha USB, kwa mfano cha Sonoff, huziunganisha sensa za Aqara, IKEA na Sonoff bila kulazimika kununua kituo cha kuunganishia cha kila kampuni, na mwenye iPhone anaweza kuziona sensa hizo hizo katika Apple Home, programu ya Apple ya kusimamia vifaa vya nyumbani.

Hata hivyo, lipo jambo linalohitaji uangalifu mkubwa katika nchi yenye umeme wa kukatikakatika. Zigbee hufika mbali kwa msaada wa plagi na balbu za umeme, ambazo hupokea ujumbe wa sensa na kuupitisha mbele, kazi ambayo kwa kawaida sensa za betri haziifanyi. Umeme ukiondoka, plagi hizo huzimika, na sensa iliyo mbali hukosa njia ingawa betri yake ni nzima. Nyumbani kwangu boya la tangi lilikwama usiku umeme ulipokatika, maji yakamwagika hadi alfajiri, na sensa niliyoiamini haikufikisha neno. Tangu hapo nimeweka kipokezi katikati ya nyumba, plagi mbili kwenye laini ya inveta, na ruta pamoja na kompyuta kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Nashauri pia diski ya SSD badala ya kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa kadi huharibika upesi umeme unapokatika ghafla, na waya mfupi wa kukitenga kipokezi na kompyuta, kwa kuwa milango ya USB 3 huvuruga mawimbi yake.

Nafasi ya pili ni ya vifaa vya Wi-Fi vinavyokubali kuamriwa ndani ya nyumba, kama vile Shelly, au vile ambavyo fundi huviunda kwa chipu ya ESP32 na programu ya ESPHome. Ni imara sana vikiwa na umeme wa kudumu, lakini Wi-Fi hula betri kuliko Zigbee, hivyo havifai sana kwa milango na madirisha.

Ya tatu ni Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya kampuni mbalimbali, inayopita katika Thread, mtandao wa redio unaotumia umeme kidogo. Kiwango cha Matter kilitolewa mwaka 2022, na uzuri wake ni kwamba sensa moja huweza kuunganishwa na Apple Home, Google Home na Home Assistant kwa wakati mmoja. Huhitaji kifaa cha kuunganisha Thread na mtandao wa nyumbani, kama HomePod mini, na sensa zake bado si nyingi kama za Zigbee.

Z-Wave, njia nyingine ya redio ya vifaa vya nyumbani, naiweka ya nne. Masafa yake ya redio ya Marekani na ya Ulaya hayalingani, kwa hiyo sensa iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani haitasikilizana na kituo cha Ulaya.

Mwisho kabisa ni sensa za Wi-Fi za bei nafuu zinazotumia programu ya Tuya pekee, ambazo sizipendekezi kwa ulinzi. Boksi lisomwe kwa makini, kwa sababu chini ya jina hilo hilo la Tuya zipo pia sensa za Zigbee, na hizo nyingi huingia katika kundi la kwanza. Muuzaji akisema sensa yake ya Wi-Fi haihitaji intaneti, aombwe kuiunganisha pale dukani, akate intaneti ya ruta huku Wi-Fi ikibaki hewani, azime na data ya simu, kisha atenganishe sumaku ya mlango. Simu isipoonyesha badiliko lolote, arudishiwe boksi lake.