Albamu ya Pamoja ya Google Photos: Inaweza Kubeba Safari ya Familia Nzima?

Mtu akishaonja utamu wa kusafiri, kinachojaa kwanza ni simu. Siku ya tatu picha zimefika mia tano, kundi la familia la WhatsApp linapokea arobaini kwa mkupuo, na walioko nyumbani wanazipitisha kwa kidole gumba bila kujua ipi ni ya wapi. WhatsApp haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inabana picha na kuziondolea taarifa zilizomo ndani ya faili, yaani saa na mahali zilipopigwa. Hata ubora wa HD ulioongezwa mwaka 2023 haupeleki picha nzima kama ilivyotoka kwenye kamera. Kwa hilo ni lazima uiambatishe kama waraka, na nani atafanya hivyo kwa picha mia tano?

Kwa familia yenye simu za aina mchanganyiko, albamu ya pamoja ya Google Photos ndiyo tunayoipendekeza, pamoja na kasoro zake. Mwenye kiungo anaitazama kwenye kivinjari chochote, hata kama hana akaunti, jambo linalomfaa sana bibi au babu anayefuatilia safari akiwa nyumbani. Kuongeza picha au kutoa maoni ndiko kunakodai akaunti ya Google. Albamu ya pamoja ya iCloud, huduma ya Apple ya kuhifadhi mtandaoni, ni nzuri pale tu ambapo kila mtu ana iPhone: haili nafasi ya mtu, ila hupunguza picha hadi pikseli 2048 kwa upande mrefu, hukomea picha na video 5,000, na wenye Android wanabaki kuwa watazamaji.

Ifungue albamu kabla ya kuondoka, sio baada ya kurudi. Baada ya kurudi kila mmoja atasema "nitaziweka wikendi", na wikendi hiyo haifiki. Tengeneza albamu, ipe jina lenye mahali na mwaka, ingia kwenye mipangilio ya kushiriki, ruhusu wengine kuongeza picha, kisha tuma kiungo. Kila msafiri ajiunge na aweke picha moja ya majaribio mbele yako. Hapo ndipo utamgundua aliyesahau nenosiri, na utamgundua mkiwa bado na muda wa kulitafuta.

Kinachoangusha wengi ni nafasi. Akaunti ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa kati ya Photos, Gmail na Drive. Tangu tarehe 1 Juni 2021 hata picha zilizopunguzwa ubora zinahesabiwa. Kila picha inakula nafasi ya aliyeiweka, sio ya mwenye albamu, kwa hiyo mzigo unagawanyika. Piga hesabu: picha ya megapikseli 12 ina takriban MB 3, hivyo picha 50 kwa siku kwa wiki mbili ni kama GB 2 kwa mtu mmoja. Hizo zinabebeka. Video ndiyo mlaji mkubwa: dakika moja ya 4K, yaani ubora wa juu sana, huweza kufika MB 170 au kuzidi, kwa hiyo nusu saa tu ni zaidi ya GB 5. Na nafasi ikijaa, shida haiishii kwenye picha, maana Gmail nayo huacha kupokea barua, pamoja na ile yenye tiketi yako ya kurudi. Chagua hali ya kubana, inayoweka kikomo cha megapikseli 16 kwa picha na 1080p kwa video. Kwa kutazama kwenye simu au kuchapisha picha ya ukubwa wa kawaida, hutaona tofauti.

Picha zinazogoma kupanda nazo ni kero ya kila safari. Mara nyingi simu imeweka programu usingizini ili kuokoa betri. Usiku, mkiwa kwenye Wi-Fi, chomeka chaja, fungua programu na uiache wazi mpaka imalize; kwenye iPhone hilo ni la lazima zaidi. Na kabla ya kuvuka mpaka na laini yako, hakikisha upakiaji kwa data ya simu umezimwa.

Kwenye kufuta, kuwa mwangalifu. Aliyeweka picha akiifuta kwenye maktaba yake ili kupata nafasi, inatoweka kwenye albamu ya wote. Mtu akijiondoa kwenye albamu, picha zake zinaondoka naye. Unayoipenda ihifadhi kwenye maktaba yako mapema. Itakula nafasi yako, lakini itakuwa yako. Picha iliyokwisha kupakiwa ikifutwa kwa bahati mbaya hukaa siku 60 kwenye pipa la taka, na ni mwenyewe tu anayeweza kuirudisha.

Kiungo ni sawa na ufunguo: kila aliyenacho anaingia, hata kama alitumiwa na mtu usiyemjua. Zima kuonyesha mahali mpaka mrudi, hasa ikiwa nyumba imebaki tupu, na walioshajiunga wote wakiwa na akaunti, zima kiungo kabisa.

Raha yenyewe iko kwenye kupanga. Albamu inakubali maandishi mafupi na ramani kati ya picha, ikionyesha mlikotoka na mlikofika. Sentensi moja kwa kila siku inatosha kumfanya asiyekuwepo aelewe alichokiona. Pangilia kuanzia picha ya zamani zaidi. Ukiona chakula cha usiku kimetangulia matembezi ya asubuhi, mlaumu mwenye kamera ya shingoni: simu hubadilisha saa yenyewe mkivuka ukanda wa saa, kamera haibadilishi. Mwenye picha hizo azichague zote kwenye kompyuta na kusogeza saa zake kwa pamoja. Bora zaidi, arekebishe saa ya kamera siku ya kufika, kwa kuwa mkija kupakua albamu nzima kama faili la ZIP, yaani zote zikiwa zimefungwa ndani ya faili moja, picha hushuka na tarehe iliyoandikwa na kamera, sio ile mliyoirekebisha ndani ya programu.