Tope la lambo na tope la ziwa: lipi linahifadhi kaboni?

Ukipima kwa kila mita ya mraba, lambo la mifugo kule Kwimba au Misungwi, mkoani Mwanza, kwa kawaida huzika kaboni haraka kuliko Ziwa Victoria. Sababu kubwa ni udongo. Masika yakianza, maji ya kahawia hukokota samadi, mabua na udongo wa mashambani hadi kwenye tuta. Yakitulia, mzigo wote unazama. Tabaka jipya hufunika la zamani kabla bakteria hawajalimaliza, na chini ya hapo oksijeni ni haba, kwa hiyo kuoza kunapungua kasi.

Ziwani mambo ni taratibu. Mbali na midomo ya mito, tope linatokana zaidi na mwani uliokufa, ambao sehemu kubwa huoza ungali unashuka. Lakini kinachofika sakafuni hukaa. Ziwa hili liliwahi kukauka, likajaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita, na matabaka ya tangu wakati huo bado yapo.

Lambo halina subira hiyo. Likijaa tope, wanakijiji hulichimbua (wana haki, ng'ombe wanataka maji), tope linaanikwa juani, na sehemu ya kaboni inarudi hewani.

Halafu kuna methani, gesi yenye kaboni inayotoka vitu vikioza pasipo oksijeni. Chomeka mti kwenye tope la lambo uone mapovu yanavyopanda. Kwa kina kile kifupi, gesi hufika juu kabla haijaliwa na bakteria, nayo kwa miaka 100 hupasha joto zaidi ya mara 25 ya kaboni dioksidi. Kwa kasi, lambo linashinda. Kwa kutunza, mimi naliamini ziwa.