BCAA au EAA? Uzoefu wangu na makopo mawili ya asidi amino

Nimemaliza kopo la BCAA la gramu 300 na kopo la EAA la gramu 360, poda za asidi amino ambazo wanamazoezi hunywa ili kujenga misuli, yote mawili ya kampuni moja ambayo sitaitaja. BCAA naipa nyota mbili kati ya tano. EAA naipa nne. Kwa ladha BCAA ilishinda, lakini alama zangu nimezitoa kwa kilichomo, na kilichomo unaweza kukisoma kwenye lebo kabla hujatoa hela.

Mwili hujenga protini zake kwa asidi amino 20. Tisa kati ya hizo hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula: histidini, isoleusini, leusini, lisini, methionini, fenilalanini, threonini, triptofani na valini. BCAA ni tatu tu kati ya tisa hizo, yaani leusini, isoleusini na valini, mara nyingi kwa uwiano wa 2:1:1. EAA ni zote tisa. Leusini ndiyo inayoupa msuli ishara ya kuanza kujenga, na hapo ndipo wauzaji wanapoishia kusimulia. Ishara ikishatolewa, vifaa vyote tisa vinatakiwa viwepo. Ukinywa BCAA alfajiri tumbo likiwa tupu, zile sita zilizokosekana mwili unazitoa kwa kubomoa protini yake wenyewe, na sehemu kubwa ya protini hiyo iko kwenye misuli uliyotaka kuilinda.

Sasa hesabu. Kijiko cha BCAA yangu ni gramu 10, lakini lebo inaonyesha gramu 5 tu za asidi amino. Nyingine 5 ni asidi ya sitriki, ladha, rangi, utamu wa sukralosi na vijazio. Kwa uwiano wa 2:1:1 unabaki na leusini gramu 2.5, na kopo zima la gramu 300 lina asidi amino gramu 150. Kijiko cha EAA ni gramu 12, asidi amino gramu 9, leusini gramu 3. Kopo zima gramu 270. Kwa hiyo gawanya bei kwa gramu za asidi amino, usigawanye kwa uzito wa kopo wala kwa idadi ya dozi. Kopo la bei ya chini dukani mara nyingi hugeuka ghali hapo hapo. Na lebo ikiandika "mchanganyiko maalumu" bila kutaja gramu za kila asidi, rudisha kopo kwenye rafu. Anayeficha kipimo cha leusini kwa kawaida ameweka kidogo.

Kijiko chenyewe usikiamini sana, maana kinapima ujazo. Poda ikishindiliwa safarini, kijiko kile kile hubeba zaidi. Cha BCAA kiliwahi kunipa gramu 8, kikanipa tena 11. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi.

Kuchanganya kunawashinda wengi kwa sababu leusini haipendi maji. Huelea juu kama unga mweupe na kushika kuta za chupa. Tangulia na maji baridi, mililita 400 hivi, ndipo uweke poda. Tikisa nusu dakika, iache dakika mbili, tikisa tena. Ukianza na poda, unabaki na bonge chini. Poda iliyopakwa lesithini, aina ya mafuta inayosaidia poda kuchanganyika na maji, huyeyuka upesi zaidi, ila lesithini nyingi ni ya soya, kwa hiyo mwenye mzio wa soya atafute ya alizeti. EAA ni chungu kuliko BCAA na ina harufu kidogo ya salfa kutokana na methionini. Ndimu nusu inasaidia sana.

Kwa sisi wa pwani kuna tatizo la unyevu. Poda huganda kama sukari ya mvua. Kile kifuko cha kunyonya unyevu kiache ndani, tumia kijiko kikavu kabisa, na usiweke kopo kwenye friji: ukilifungua likiwa baridi, hewa ya joto inaacha matone ndani. Mabonge peke yake hayamaanishi poda imeharibika. Rangi ikibadilika au ikitoa harufu ya kuvunda, tupa.

Kama lengo lako ni misuli, anza na jumla ya protini ya siku. Kwa anayefanya mazoezi mazito ni gramu 1.4 hadi 2.0 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 98 hadi 140 kwa mtu wa kilo 70. Yai moja lina protini gramu 6 hivi na leusini karibu nusu gramu, kwa hiyo mayai manne yanakupa leusini gramu 2 pamoja na nyingine zote nane. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, maharage yana lisini nyingi lakini methionini kidogo, na ndiyo maana ugali kwa maharage ni mlo uliopangika kuliko ugali kwa mchicha peke yake. Poda ya protini ya maziwa, gramu 25 za protini, tayari ina leusini gramu 2.5 hivi. Ukishafikisha kiwango chako kwa vyakula hivi, kopo lolote kati ya haya mawili halikuongezei cha maana.

EAA inalipa kwa mtu ambaye chakula hakipiti: mzee aliyepoteza hamu ya kula, ambaye misuli yake inahitaji leusini karibu gramu 3 kwa mlo ili iitikie; mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa; au anayefanya mazoezi usiku wa Ramadhani baada ya futari nyepesi na hataki tumbo zito. Kwa hao gramu 9 hadi 12 kwa mara moja zinatosha.

Ukitafuta stamina, achana na makopo haya yote mawili. Kuna asidi amino nyingine zinazouzwa kwa kazi hiyo. Sitrulini malati gramu 6 hadi 8, saa moja kabla ya mazoezi, ni bora kuliko arginini, kwa sababu arginini nyingi huvunjwa na utumbo na ini kabla haijafika kwenye damu, na ukizidisha gramu 9 kwa mkupuo unajitafutia kuharisha. Beta-alanini inafaa kwa juhudi za dakika 1 hadi 4, kama mbio za mita 800 au 1500. Dozi ni gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku, kwa wiki nne au zaidi. Huleta mwasho wa uso na mikono ambao hauna madhara. Gawanya dozi mara tatu au nne, mwasho utapungua. Anayeshindana apate kopo lenye alama ya Informed Sport, yaani limepimwa dawa zilizokatazwa michezoni, na alinganishe namba ya toleo, maana kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, mwanariadha ndiye anayewajibika kwa kilichokutwa mwilini mwake, hata kama kiliingia kwa uchafu wa kiwandani.

Glutamini, asidi amino nyingine inayouzwa kwa makopo, kwa mtu mzima mwenye afya, hapana.

Nyota ya tano nimeinyima EAA kwa sababu lebo haisemi chanzo. Leusini na sisteini zinaweza kutengenezwa kwa manyoya ya ndege au nywele, au kwa kuchachusha sukari ya mimea. Kwa Muislamu na kwa asiyekula vya wanyama hilo si jambo dogo. Tafuta maneno yanayotaja uchachushaji au mimea. Kwa vidonge, angalia kama ganda ni jelatini na ya mnyama gani.

Upande wa dawa kuwa makini zaidi. Triptofani usichanganye na dawa za sonona, serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda hadi hatari. Sitrulini na arginini zikikutana na nitrogliserini (dawa ya moyo) au sildenafili (dawa ya nguvu za kiume) hushusha presha kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa PKU asiguse EAA kwa sababu ya fenilalanini, ambayo mwili wake hushindwa kuivunja, na mgonjwa wa figo asianze lolote kabla daktari hajaona vipimo vyake. Anayetumia levodopa kwa ugonjwa wa Parkinson naye amuulize daktari kwanza, kwa kuwa asidi amino hizi hugombania na dawa hiyo njia ya kuingia kwenye ubongo, na mikono inaweza kurudi kutetemeka ilhali dozi ya dawa haijabadilika.